Mchezo wa saba, Florida au Edmonton: kulinganisha odi na takwimu kabla ya kuweka dau

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 25 Juni 2024, saa tisa na ushei kwa saa za Afrika Mashariki, Florida Panthers na Edmonton Oilers waliingia kwenye barafu mjini Sunrise, jimbo la Florida, kucheza mchezo wa saba wa fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini (NHL). Kule kwao ilikuwa bado Jumatatu, saa mbili usiku. Kila timu ilikuwa imeshinda mara tatu. Atakayeshinda usiku ule anabeba kombe, na mwingine anaondoka mikono mitupu baada ya msimu wa miezi tisa.

Matokeo yanajulikana siku nyingi. Nimeurudia mchezo huu kwa sababu sijaona mwingine unaoonyesha vizuri namna hii kazi ya kulinganisha timu mbili kabla ya kuweka fedha. Takwimu za kuichagua Florida zilikuwepo, na za kuichagua Edmonton zilikuwepo pia, tena zote zina nguvu. Wengi wetu hukutana na hoki ya barafu ndani ya programu ya kubeti, usiku wa manane, mechi za mpira wa miguu zikiwa zimekwisha, na tunaisoma kwa macho ya mpira wa miguu. Hapo ndipo fedha zinapopotelea. Kuna swali ambalo kwenye ligi ya mpira halitusumbui, lakini kwenye hoki linakuja kabla hata ya kuchagua timu: unabeti dakika 60, au unabeti mshindi?

Nililijua hilo kwa fedha yangu. Mwezi mmoja kabla ya mchezo huu wa saba, Edmonton walikuwa ugenini Dallas, mchezo wa kwanza wa nusu fainali. Niliwaamini Edmonton, nikawapa. Waliongoza 2-1, Dallas wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, mchezo ukaenda muda wa nyongeza, na Connor McDavid, nahodha wa Edmonton, akafunga sekunde 32 tu baada ya kuanza kipindi cha pili cha nyongeza. Edmonton 3, Dallas 2. Nilishangilia peke yangu sebuleni. Nilipofungua simu nikakuta mkeka umechanika. Nilikuwa nimegusa namba 2 kwenye safu ya 1X2 (1 ni mwenyeji, X ni sare, 2 ni mgeni), na safu ile huhesabu dakika 60 peke yake. Dakika 60 zilikwisha 2-2. Timu yangu ilishinda, dau langu likaliwa, na kampuni haikuwa na kosa lolote: maelezo yalikuwa yameandikwa pale pale, mimi sikuyasoma.

Safu nne, maswali manne

Mchezo wa hoki una vipindi vitatu vya dakika 20. Kwenye msimu wa kawaida, timu zikitoka sare huongezewa dakika tano za wachezaji watatu kwa watatu, makipa wasihesabiwe, na bado wakilingana wanapigiana penalti. Kwenye mtoano hayo yote hayapo. Wanaendelea watano kwa watano, vipindi vizima vya dakika 20, mpaka mmoja afunge, hata ikifika alfajiri. Kwa hiyo rekodi ya timu kwenye muda wa nyongeza wa msimu wa kawaida haikusaidii kitu ukifika mtoano, maana ni karibu mchezo mwingine.

Safu ya kwanza ni ya mshindi, muda wa nyongeza ukiwa ndani yake. Ina majina mawili tu, hakuna sare. Safu ya pili ni 1X2 ya dakika 60, ina sare. Ya tatu ni handikapu, ambayo kwenye hoki karibu kila mara ni goli moja na nusu: ukiichukua Florida kwa -1.5, lazima ishinde kwa magoli mawili au zaidi. Ukiichukua Edmonton kwa +1.5, inaweza kufungwa kwa goli moja na bado ukalipwa. Ya nne ni jumla ya magoli, ova na anda, yaani yatazidi mstari au yatakuwa chini yake, na mstari huo mara nyingi huwekwa 5.5 au 6.5.

Nitumie bei za mfano, za aina inayowekwa kwa timu zilizokaribiana huku mwenyeji akipewa nafasi kidogo zaidi. Sema safu ya mshindi inasoma Florida 1.80, Edmonton 2.05. Safu ya dakika 60 inasoma Florida 2.25, sare 4.00, Edmonton 2.55. Ukiweka shilingi 10,000 kwa Florida, safu ya kwanza inakurudishia 18,000 na ya pili 22,500. Macho yanakimbilia 22,500. Ni kawaida.

Lakini igeuze bei iwe asilimia. Gawanya 100 kwa odi, yaani hiyo bei. Florida 1.80 ni sawa na asilimia 55.6, Edmonton 2.05 ni asilimia 48.8. Jumlisha: 104.4 hivi. Hiyo nne na nusu inayozidi mia ndiyo chakula cha kampuni. Sasa fanya hivyo hivyo kwa safu ya dakika 60: 44.4, 25 na 39.2. Jumla ni karibu 108.7. Umeona? Kwa bei hizi, safu yenye malipo makubwa ndiyo yenye makato makubwa, karibu mara mbili. Na hapo bado hujakatwa kodi kwenye ushindi.

Kwenye msimu wa kawaida, takriban mchezo mmoja kati ya minne au mitano huenda muda wa nyongeza. Ukidhani Florida ina nafasi 42 katika 100 ya kushinda ndani ya dakika 60, na nafasi 22 za sare ambazo zikifika nyongeza zinagawanyika nusu kwa nusu, basi nafasi yake yote ya kubeba kombe ni 53. Zidisha: 2.25 mara 0.42 ni 0.945, 1.80 mara 0.53 ni 0.954. Kwa kila shilingi, safu ya mshindi inakupotezea senti nne na nusu, ya dakika 60 inakupotezea tano na nusu. Tofauti ni ndogo, ila iko upande mmoja, na zote mbili ziko chini ya moja. Asiyekuwa na sababu yake mwenyewe ya kuamini kwamba bei imekosewa, hana safu ya faida hapo. Ana safu ya hasara kidogo na safu ya hasara zaidi.

Timu mbili mezani

Hizi ni takwimu za msimu wa kawaida wa 2023–24, michezo 82 kila mmoja. Ushindi ni pointi mbili, na kufungwa baada ya dakika 60 ni pointi moja. Anayefanya kosa hutolewa nje kwa muda, timu yake ikacheza pungufu na mpinzani akawa na mtu wa ziada. Nimezipunguza makusudi, kwa sababu ukurasa wa takwimu za hoki unaweza kuwa na safu hamsini na nyingi hazikupi jibu.

| | Florida Panthers | Edmonton Oilers |
|---|---|---|
| Kushinda, kufungwa, kufungwa baada ya dakika 60 | 52-24-6 | 49-27-6 |
| Pointi | 110 | 104 |
| Magoli ya kufunga kwa mchezo | 3.2 | 3.6 |
| Magoli ya kufungwa kwa mchezo | 2.4 | 2.9 |
| Kufunga wakiwa na mtu wa ziada | zaidi ya 23% | zaidi ya 26% |
| Kuzuia wakiwa pungufu | zaidi ya 82% | zaidi ya 79% |
| Kipa wa kwanza, mashuti aliyookoa | 91.5% | 90.5% |

Ukiisoma haraka utaona kisa kinachojulikana: timu ya ulinzi dhidi ya timu ya mashambulizi, na ya ulinzi ina pointi sita zaidi. Mtu angeishia hapo na kuandika Florida.

Ngoja kwanza. Edmonton walianza msimu ule vibaya sana. Baada ya michezo 13 walikuwa wameshinda mitatu tu, wakamfukuza kocha Jay Woodcroft mwezi Novemba 2023, wakamleta Kris Knoblauch. Ile 49-27-6 imebeba ndani yake mwanzo wa 3-9-1. Uutoe, kinachobaki chini ya Knoblauch ni 46-18-5 katika michezo 69. Hizo ni pointi 97, na kama wangecheza msimu mzima kwa mwendo huo wangefika karibu 115, yaani juu ya Florida. Katikati ya hapo kuna ushindi wa michezo 16 mfululizo, mmoja pungufu ya rekodi ya ligi ya 17 iliyowekwa na Pittsburgh Penguins mwaka 1993. Kwa hiyo wastani wa msimu, ambao ndio unaowekwa mbele kwenye kila ukurasa wa takwimu, ulikuwa unaichora Edmonton dhaifu kuliko ilivyokuwa mwezi Juni. Hili ni jambo la kuangalia kila mara kabla hujalinganisha: wastani huu ni wa timu hii, au ni wa timu mbili zilizovaa jezi moja?

Kwa upande wa makipa, Sergei Bobrovsky wa Florida na Stuart Skinner wa Edmonton walimaliza msimu na ushindi 36 kila mmoja. Idadi ya ushindi wa kipa ni takwimu ya timu, usiibebe sana. Asilimia ya kuokoa ndiyo inayosema kitu: katika mashuti 100 Bobrovsky aliruhusu nane na nusu, Skinner tisa na nusu. Kipa hupigiwa mashuti kama 30 kwa mchezo. Tofauti yao basi ni goli moja katika kila michezo mitatu hivi. Linaonekana dogo, lakini mchezo wa saba wenyewe unaweza kuamuliwa na goli moja. Ongeza kwamba Bobrovsky alikuwa ameshachukua Tuzo ya Vezina ya kipa bora mara mbili, 2013 na 2017, na mwaka mmoja kabla alikuwa golini Florida ilipofungwa fainali na Vegas. Skinner, katika mtoano huo huo wa 2024, aliwekwa benchi michezo miwili dhidi ya Vancouver kabla ya kurudishwa.

Kwenye hoki, kipa ni zaidi ya mchezaji mmoja kati ya kumi na moja tuliyemzoea. Ndiyo maana mtu anayebeti msimu wa kawaida bila kujua nani anaanza golini anabeti gizani, maana timu hubadilisha makipa ikiwa na michezo siku mbili mfululizo. Kwenye mchezo wa saba wa fainali hapakuwa na shaka: wote wawili wangeanza.

Michezo sita ya kabla, na namna inavyodanganya

Hapa ndipo penye utamu. Matokeo ya fainali mpaka usiku ule yalikuwa hivi: Florida walishinda 3-0, 4-1 na 4-3. Kisha Edmonton wakashinda 8-1, 5-3 na 5-1. Jumla ya magoli, Edmonton 22, Florida 16. Katika michezo mitatu ya mwisho peke yake, Edmonton 18, Florida 5.

Namba 18 kwa 5 inatisha. Aliyekuwa anatafuta timu yenye moto usiku ule aliiona hapo, na hakuwa mjinga. McDavid alikuwa amepata pointi nne (kwa mchezaji, kila goli au pasi ya goli ni pointi moja) kwenye mchezo wa nne na nne tena kwenye mchezo wa tano, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kulifanya kwenye fainali michezo miwili mfululizo. Edmonton walikuwa wanafunga hata wakiwa pungufu: walifanya hivyo mchezo wa nne na wa tano. Bobrovsky alitolewa kwenye mchezo wa nne baada ya kuruhusu magoli matano katika mashuti 16.

Lakini ichambue hiyo 18. Magoli manane ni ya mchezo mmoja, na mchezo ukishafika 5-1 timu inayofungwa huacha kujilinda kama kawaida. Matatu yaliingia lango likiwa tupu: moja mchezo wa tano, mawili mchezo wa sita. Timu inayofungwa dakika za mwisho humtoa kipa wake na kuingiza mshambuliaji wa sita, na mara nyingi inaishia kufungwa tena kutoka mbali. Goli la namna hiyo linaongeza tofauti kwenye karatasi bila kusema chochote kuhusu nani alikuwa bora. Ukiyatoa, mchezo wa sita unakuwa 3-1 na wa tano 4-3. Bado Edmonton walikuwa bora, siwanyang'anyi. Ila ule mwanya mkubwa umepungua, ukawa mwanya wa kawaida wa timu mbili nzuri.

Na ukienda upande wa pili, hata ushindi wa Florida wa mwanzo ulikuwa na doa. Mchezo wa kwanza walishinda 3-0 wakiwa na mashuti 18, Edmonton wakiwa na 32. Mtu aliyeangalia matokeo aliona timu iliyotawala. Aliyeangalia mashuti aliona kipa aliyeokoa yote 32. Sasa uliza: unaponunua Florida, unanunua timu au unanunua Bobrovsky? Jibu langu wakati ule lilikuwa kwamba namnunua Bobrovsky na Aleksander Barkov, nahodha wao, ambaye mwaka ule alichukua Tuzo ya Selke ya mshambuliaji bora katika kulinda, na ambaye kazi yake usiku ule ingekuwa kumfuata McDavid kama kivuli.

Uchovu wa safari nausema kwa kifupi. Kutoka Edmonton hadi Sunrise ni zaidi ya kilomita 4,000, na kati ya mchezo wa sita, Ijumaa tarehe 21, na wa saba, Jumatatu tarehe 24, palikuwa na siku mbili za kupumzika. Timu zote mbili zilisafiri umbali ule ule. Sikuona sababu ya kumpa yeyote nafasi kwa hilo.

Michezo 17 ya saba

Kabla ya 2024, fainali ya Kombe la Stanley ilikuwa imefika mchezo wa saba mara 17, kuanzia 1942 hadi 2019. Nilikaa nikayapitia matokeo yote moja moja. Hii ndiyo sehemu ya ulinganisho iliyonishangaza zaidi.

Mwenyeji alishinda mara 12, mgeni mara 5. Hiyo ni asilimia 70 na kidogo, juu ya ile 55.6 ya bei yetu ya mfano. Ukiishia hapo Florida inaonekana bei rahisi sana. Lakini michezo mitatu kati ya minne ya karibuni wakati ule, 2009, 2011 na 2019, ilichukuliwa na mgeni, na Edmonton wenyewe walikuwa na kumbukumbu yao chungu: mwaka 2006 walifungwa 3-1 na Carolina, ugenini, kwenye mchezo wa saba.

Tazama magoli sasa. Katika michezo yote 17, ni mmoja tu uliozidi magoli matano: mwaka 1950, Detroit walipowafunga New York Rangers 4-3, na hata huo ulihitaji vipindi viwili vya nyongeza. Mingine 16 ilikuwa na magoli matano au pungufu. Wastani ni magoli manne kwa mchezo. Linganisha na michezo sita ya fainali yenyewe ya 2024, ambayo wastani wake ulikuwa zaidi ya sita. Kama kampuni iliweka mstari kwenye 5.5, basi takwimu mbili zilikuwa zinavutana waziwazi: wiki mbili zilizopita zinasema ova, miaka 77 inasema anda.

Niliamini ile ya miaka, na sababu haikuwa wingi wake. Michezo 17 ni michache, tena sehemu yake ni ya enzi ambazo ligi ilikuwa na timu sita tu na makipa hawakuvaa barakoa. Niliiamini kwa sababu ina maelezo yanayoeleweka. Mchezo wa saba wa fainali hakuna anayetaka kuwa mwenye kosa. Mabeki hawapandi, waamuzi huita makosa machache, na timu inayoongoza inarudi nyuma kulinda. Takwimu yenye sababu nyuma yake naipa uzito, na isiyokuwa na sababu naiacha, hata kama namba yake inavutia.

Handikapu ilinipa tabu. Kati ya michezo 17, kumi iliisha kwa tofauti ya magoli mawili au zaidi, na minane kati ya hiyo mshindi alikuwa mwenyeji. Minane kati ya 17 ni asilimia 47. Kama Florida -1.5 ingeuzwa kwa 3.00, ambayo ni sawa na asilimia 33, ingeonekana kama zawadi. Nilitulia nikajiuliza yale yale: kuna sababu gani? Kiasi fulani ni goli la lango tupu, kama lile la Justin Williams wa Carolina mwaka 2006 lililofanya 2-1 kuwa 3-1. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini inahitaji timu iliyo mbele ipate paki, kile kisahani cheusi, iirushe urefu wa uwanja na ifike, wakati mpinzani ni McDavid na mshambuliaji mwenzake Leon Draisaitl, Edmonton wakiwa sita kwa watano. Dhidi ya timu hiyo nisingeweka shilingi yangu kwenye -1.5.

Na muda wa nyongeza? Mara mbili tu katika 17, 1950 na 1954. Mtu anaweza kusema basi safu ya dakika 60 ndiyo ya kuchukua, sare haiji. Mimi naona mara mbili katika 17 dhidi ya ile moja kati ya minne au mitano ya kawaida si tofauti ya kutosha kubadili uamuzi. Ingekuwa nne, tungekuwa kwenye kawaida kabisa.

Ningechagua nini

Kwa mtu aliyeamua kwamba usiku ule lazima abeti, mpangilio wangu ulikuwa huu. Kwanza anda 5.5, kwa sababu makipa, historia na namna ya mchezo vilielekea upande mmoja, na haikukulazimisha kumjua mshindi. Pili Florida kwenye safu ya mshindi, nyongeza ikiwa ndani, kwa sababu ya Bobrovsky na uwanja wa nyumbani, nikikubali wazi kwamba Edmonton ya Knoblauch ilikuwa timu bora kuliko pointi zake. Anayempenda McDavid na asiyeweza kumwacha, namshauri Edmonton +1.5: bei yake ni ndogo, lakini inakupa goli la kujikinga. Safu ya 1X2 ningeiacha. Na kuzifunga zote kwenye mkeka mmoja ningekataa kabisa, kwa sababu ile nne na nusu ya kampuni haijumlishwi kwenye mkeka, inazidishwa. Timu nne, makato ya nne na nusu kila moja, na karibu shilingi 16 kati ya 100 zimekwenda kabla hata paki haijadondoshwa katikati.

Dau liwe kiasi ambacho ungekitoa kwa kiingilio cha uwanjani. Ukishaangalia mchezo, kiingilio hakirudi, na hukidai. Nasema hivi kwa moyo wote kwa sababu nimewaona vijana wa mtaani kwetu wakiweka kodi ya nyumba kwenye mchezo ambao hawajui una vipindi vingapi. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kisheria, na anayejikuta anabeti ili kurudisha cha jana, huyo hana ulinganisho wa kufanya, anahitaji kukaa na mtu anayemwamini na kumweleza ukweli.

Mchezo wenyewe ulikwenda hivi. Carter Verhaeghe aliifungia Florida dakika ya tano. Dakika mbili na kidogo baadaye Mattias Janmark akasawazisha. Kipindi cha pili, karibu kufika mwisho, Sam Reinhart, aliyekuwa amefunga magoli 57 kwenye msimu, akafunga la pili la Florida. Baada ya hapo hakuna aliyefunga tena. Edmonton walipiga mashuti 24, Bobrovsky akaokoa 23. Florida walipiga 21, Skinner akaokoa 19. Florida 2, Edmonton 1, kombe la kwanza katika historia ya Panthers. McDavid hakupata pointi mchezo wa sita wala wa saba, lakini kwa pointi zake 42 za mtoano mzima alipewa Tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora akiwa kwenye timu iliyofungwa.

Kwa bei za mfano wetu: Florida mshindi ililipa, Florida dakika 60 ililipa zaidi, Florida -1.5 ilikufa kwa goli moja, Edmonton +1.5 ililipa, anda ililipa kwa raha. Jumla ya magoli ya fainali nzima ilikuwa Edmonton 23, Florida 18, na aliyefunga 18 ndiye aliyebeba kombe.

Aliyechukua safu ya dakika 60 usiku ule alipata 4,500 zaidi ya aliyechukua safu ya mshindi kwa kila elfu kumi, na huenda akaamua kwamba ndiyo safu yake siku zote. Katika fainali ile ya 2024 hakuna hata mchezo mmoja kati ya saba uliokwenda nyongeza. Mwaka uliofuata, Juni 2025, timu zile zile mbili zilikutana tena kwenye fainali. Mchezo wa kwanza Edmonton walishinda 4-3, nyongeza. Wa pili Florida 5-4, vipindi viwili vya nyongeza. Wa nne Edmonton 5-4, nyongeza. Mitatu katika minne ya mwanzo, na kila mara aliyekuwa ameichagua timu iliyoshinda kwenye safu ya 1X2 aliamka asubuhi kukuta mkeka umechanika.